Maji ya Mashua

Jumapili, 3 Agosti

Nimepima geti tena. Mara ya tatu wiki hii, utadhani linakua. Mume wangu Majura kaniachia mimi uamuzi. Anasema mwenye uwanja ndiye anayejua chombo kitalala wapi. Yeye ni mtu wa Ukerewe, ofisi ikamhamishia Dodoma, na tangu afiwe na mama yake hacheki. Anataka mashua ndogo ya tanga, ituchukue sisi wawili na watoto wawili, Jumamosi tuipeleke bwawa la Hombolo, jioni tuirudishe hapa Msalato. Mimi Mgogo wa Zuzu, sijui hata kuogelea. Lakini nataka acheke.

Jumatano, 6 Agosti

Ziko tatu. Ya faiba: nyepesi, haitaki matunzo, ila ndefu, italala mbele ya dirisha la jikoni. Ya kujaza upepo: inaingia stoo, tanga lake kama kanga. Majura aliitazama kwenye simu akasema hilo ni godoro. Ya mbao, kwa fundi wa Mtera: mlingoti unachomoka, na inapita getini ikibaki nafasi ya kiganja kila upande. Akili inasema faiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtera. Majura aliinama akainusa ile ya mbao. Akacheka, cheko la zamani kabisa. Nikasema tunachukua hii hii.

Fundi akanivuta pembeni. "Mama, kwa jua la Dodoma mbao zitakauka zifunguke. Nyumbani iwe na maji ndani muda wote." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi niliyekulia kwenye foleni ya kisima! Sikutaka Majura asikie.

Alhamisi, 28 Agosti

Imelala ubavuni mwa nyumba, chini ya turubai. Wiki mbili kavu na mianya inapitisha kisu. Majura kanyamaza tena. Ikabidi niseme alichosema fundi. Tumemimina madumu kumi na mawili, yote yakavuja chini. Jioni tukamimina mengine. Nimeona aibu, nikavuta turubai hadi chini ili majirani wasione.

Jumapili, 31 Agosti

Mbao zimevimba, zimeshika. Haivuji. Inataka madumu mawili kila asubuhi, jua linakunywa.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya sita bila maji ya bomba. Tangi liko robo. Tunaoga kwa kopo. Mashua imepata madumu yake mawili.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefanya jambo baya.

Jirani yetu Bi Mwanaidi, Mrangi wa Kolo, alikuja saa moja asubuhi na ndoo tupu. Binti yake kajifungua Jumamosi. Alitaka maji ya kumkandia mzazi, pipa lake limekauka. "Ndoo moja tu, mwalimu, nimchemshie mwanangu." Nikamwambia na sisi yametuishia. Akasema haya, Mungu ataleta, akaenda zake.

Robo tangi ilikuwepo. Na nusu saa kabla nilikuwa nimetia madumu mawili kwenye mashua. Maji safi, ya kunywa. Kwetu Zuzu mpita njia hupewa maji kabla hajaulizwa jina, na bibi yangu angenichapa mbele za watu. Nilitaka kumkimbilia. Nikafikiria ile mianya, nikafikiria Majura akinyamaza, nikabaki nimeshika mlango. Mimi ni mchoyo. Naandika ili nisije nikajidanganya.

Majura sijamwambia.

Ijumaa, 19 Septemba

Bi Mwanaidi kaja na bakuli la vitumbua. Mtoto anapewa jina kesho, anatukaribisha. Mimi nimemnyima maji, yeye analeta vitumbua. Nilikuwa napokea bakuli, Neli wangu akamshika mkono: "Bibi, njoo uone mashua yetu!" Miaka sita, anajivunia. Akafunua turubai.

Maji yalikuwa yanafika nusu ya mashua. Bi Mwanaidi alichovya vidole, akavifuta kwenye kanga. "Nzuri," akamwambia Neli. "Mtafika mbali." Kwangu hakugeuka mpaka alipoomba bakuli lake. Vitumbua vimeliwa na watoto.

Jumapili, 21 Septemba

Bomba limetoka alfajiri. Jana sikwenda kwenye shughuli, nilijifanya naumwa kichwa. Leo nimebeba ndoo mbili hadi kwake, mwenyewe, moja kichwani. Alikuwa anamwosha mtoto kwenye beseni. Nikamwambia nilikudanganya siku ile, bibi, nisamehe. Akasema yamepita. Nikataka kumimina pipani.

"Tunayo, mwalimu. Asante." Nikarudi nazo.

Jumamosi, 27 Septemba

Hombolo. Upepo mzuri. Majura aliimba Kikerewe, mwanangu Yona akashika usukani, Neli akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Haikuvuja hata tone. Nilikaa katikati nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikatamani ivuje.

Tuliporudi Majura alichukua mpira wa maji aijaze. Nikamwambia aache. Nikamweleza yote. Aliweka mpira chini, akafunga koki. "Ningekuambia mpe," alisema. "Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa sababu nilijua atasema nimpe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mashua imefunguka kila ungio. Majura kampigia fundi wa Mtera aje aichukue, kisha akaniambia ile ya faiba ingetosha tangu mwanzo. Alisema bila hasira.

Maji yamekatika tangu Ijumaa. Tangi letu limejaa, nimeacha geti wazi mchana kutwa. Asubuhi Bi Mwanaidi kapita mbele ya geti na toroli la madumu, anatoka kisima cha msikitini, kule barabara ya juu. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba vizuri, akaulizia watoto, akaendelea kusukuma.