Mume Amerudi, Kanda Zangu Zimefungwa Guniani

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu nyingi, natumaini u mzima pamoja na wote wa nyumbani kwako, nami namshukuru Mungu sijambo, sina la kulalamika ila hili moja ambalo naomba unisaidie.

Mimi ni dobi, nafulia watu na kupiga pasi hapa hapa sebuleni, na mume wangu tangu tuoane alikuwa dereva wa lori la mizigo, akija leo kesho kutwa hayupo, na kwa kuwa aliujua upweke wangu, kila akirudi aliniletea kanda ya muziki, naye kwa kuwa hakuwajua waimbaji, alikuwa akimwambia muuzaji, “Nipe yenye watu wengi,” basi nikajikuta na albamu za laivu tupu, zile zilizorekodiwa jukwaani watu wakiwa wamejaa, na Mungu ambariki kwa hilo, sijawahi kupata zawadi iliyonifaa zaidi.

Iko moja ya kwaya, wanaimba ukumbini mara mvua inashuka juu ya bati, ukadhani watanyamaza, wapi, waliimba mpaka mvua nayo ikawa mwanakwaya, hiyo huiweka nikiwa na mashuka maana mashuka yanataka pumzi. Iko ya bendi ya dansi, mwimbaji anasahau ubeti katikati, anacheka, ukumbi mzima unamwimbia, na kuna mama mmoja huko nyuma anapaza sauti, “Pole baba, ndiyo uzee!” nami hucheka kila siku kama ndiyo kwanza namsikia. Ya tatu ni ya mpiga gitaa, uzi unamkatikia, watu wanamshikia wimbo kwa makofi mpaka afunge mwingine, na hapo nami huweka pasi pembeni nikapiga makofi peke yangu wala sioni aibu. Zile za studio ni nzuri, sikatai, lakini kwangu ni kama shati la dukani, limenyooka ila halina mtu ndani, na mimi nimezoea nguo zilizovaliwa.

Sasa mgongo umemshinda, kampuni imempumzisha, amerudi moja kwa moja, nikapiga magoti nikashukuru. Lakini juzi nimeweka ile ya kwaya, akaja akazima, akasema, “Mke wangu, hawa nilikuletea kwa sababu mimi sikuwapo. Sasa nipo. Unawataka wa nini tena?” Nikadhani ni utani, nikamjibu, “Baba, wewe huimbi.” Hakucheka, mshauri. Amezitia kanda zote guniani na kumwahidi jirani yetu kinyozi aje azichukue Jumamosi, na kinyozi akiniona ananipungia mkono, “Asante sana, shemeji!” nami natabasamu huku moyo unachanika. Tangu hapo mwenzangu anakaa chumbani, mimi sebuleni na pasi yangu, nyumba ina watu wawili na ni kimya kuliko nilipokuwa mmoja. Najiuliza, si ni kukufuru huku, mtu umeomba mume arudi, karudi, halafu unalilia kanda? Ninyamaze ziende, au niseme? Nakuomba unijibu upesi, Jumamosi haiko mbali.

Ni mimi, Mama Pasi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pasi, pole, na hongera pia, maana wengi wanaoniandikia wangeipokea kwa mikono miwili shida ya mume aliyerudi. Hukukufuru. Mungu aliyekupa mume ndiye aliyekupa masikio.

Lakini lile jibu la “wewe huimbi” lilikuwa la nini? Mtu katolewa kazini, mgongo unamuuma, akiamka hajui ashike nini, anakuuliza kama bado ana nafasi kwako, nawe unamtania! Hashindani na kwaya huyo. Anaogopa kwamba umezoea kuishi bila yeye. Na kweli umezoea, ungefanyaje?

Tena nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mlipokaa pamoja mkasikiliza hata wimbo mmoja. Hapapo. Alikuwa ananunua, anakuachia, anapanda lori. Mzee wa watu hajui alichokuletea! Mimi nisiyekujua hata sura umenieleza mvua na uzi wa gitaa, na yeye aliyenunua hujamwambia neno. Shukrani umempa Mungu, umenipa na mimi, mwenyewe hajaionja.

Kwa hiyo leo, si kesho, fungua gunia. Usilie, usinune. Sema, “Baba, njoo usikie ulichoninunulia.” Anza na yule aliyesahau ubeti. Ukifika unapopapenda, mwambie kwa nini. Akitaka kimya baadaye, mpe, maana masikio yaliyokaa na injini miaka yote nayo yana haki. Gawaneni siku, asubuhi muziki, jioni utulivu. Na wewe ndugu kinyozi, kama gazeti hili liko kibandani kwako, Jumamosi baki na wateja wako.

La mwisho, mama. Hayo mafurushi ya nguo yasogeze, umwekee mumeo kiti sebuleni, chenye egemeo. Si mtu wa kupita tena.