Maji ya Mchana ya Bakari

Alhamisi, 13 Septemba 2007
Duka nimefungua mapema. Kanga, vitenge, wateja wawili watatu. Leo Ramadhani mosi. Mume wangu Bakari amefunga, na nilimkataza. Alipopooza, madaktari kule Marseille walimtoa bonge la damu kichwani kwa waya, wakatueleza: bonge limetoka, mshipa bado mwembamba. Bakari alisikia "limetoka" tu.

Jumamosi, 15 Septemba
Alasiri mkono wake wa kulia umelegea, ulimi mzito. Baada ya futari, mzima. Jana vilevile. Hesabu hii hata mtoto anaijumlisha. Yeye anasema uchovu.

Jumatatu, 17 Septemba
Hospitali, Hombo. Daktari: mwili ukikauka presha hushuka, damu haipiti penye wembamba. Vidonge, na maji mchana kutwa. Kuutanua mshipa ni ng'ambo, kupitia Moroni. Bandarini wanasema hakuna boti. Wakubwa wa Moroni na wa hapa Nzuani wanagombania kisiwa, mgonjwa wangu amekwama. Nimewachukia wote, wa huku na wa kule.

Jumanne, 18 Septemba
Shemeji, ndugu yake Bakari, kapiga simu toka Itsandra, jirani na Moroni. Kwao Bakari amefanya ndoa kubwa, ile harusi ya kulisha mji mzima inayompa mtu cheo; ni mtu wa ada, na mtu wa ada haonekani akinywa mchana. "Kisiwa chenu kimejitenga na Moroni, sasa na dini pia?"
"Dini imemruhusu mgonjwa, shemeji. Aliyekataza ni wewe."
Akacheka. Bakari alikuwa anasikiliza. Kafunga tena.

Jumatano, 19 Septemba
Mbaya. Mdomo umepinda, akaniita jina la marehemu mama yake. Teksi, Hombo, dripu. Mdomo umerudi. Mkono haujarudi wote. Daktari: safari ijayo huenda asirudi yeye.
Huku Nzuani nyumba ni ya mke, na hii nimeijenga mimi kwa kuuza kanga. Basi amri ni yangu: humu hafungi. Amekubali kunywa chumbani, mlango ukifungwa. Nimekataa. Anayejificha leo atafunga kesho.

Ijumaa, 21 Septemba
Nimemkalisha barazani, mlango wazi, watu wanatoka msikitini. Imamu akasimama, akamsalimu, akauliza hali. Bakari akashika gilasi kwa mkono wa kushoto mbele yake, akanywa yote. Imamu akamwombea afya, akaenda zake.
Bakari akauliza kama maji mengine yapo. Nikaingia kuyaleta.
Boti bado.