Piano Iliyomjibu Baba Mkwe

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile, mama. Huku Ngonga tu wazima, na mpunga umeanza kuiva. Unauliza kama uache piano, maana wenzako chuoni wanakucheka kwamba ni mambo ya Wazungu.

Nilipoolewa nilikuja na kaseti ya mtunzi mmoja wa Kirusi, vipande vifupi vya piano tupu. Siku moja baba mkwe akapaza sauti kutoka uani, "Zima hiyo. Muziki gani hauna hata mwimbaji?"

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana hamjibu baba mkwe, wala hamtazami. Basi sikumjibu. Niliongeza sauti, nikaendelea kupepeta mchele.

Hao wenzako si wakwe zako, wajibu ukitaka. Ila piga kwanza.

Bibi yako