Alama Juu ya Spika

Kaptembwo, Jumanne

Leo alikuja jamaa anayetaka kununua gita langu la stima, na alipofika kwa spika akauliza, "Boss, hapa juu ilichubuka aje?" Nikamwambia ni vikombe vya chai. Sijui kwa nini nilidanganya.

Ni mkono wa Baba. Kelele ya posho mill, mashine ya kusaga mahindi alikofanya kazi, ilimaliza masikio yake kabla sijajua kushika gita, kwa hivyo nikianza kupiga alikuwa anavuta kiti, anaweka kiganja juu ya spika ahisi ikitetemeka, na kufunga macho. Wimbo ukiisha anasema, "Hiyo nimeipata." Gita la kawaida, lile la bila stima, hangelipata hata kidogo.

Sasa ni miezi mitatu tangu tumzike.

Jamaa anataka kila kitu, gita pamoja na spika, na pesa yake inanitosha kununua gita la kawaida. Nilimwambia nitafikiria. Kusema ukweli nilikuwa nimeshaamua kumnyima.

Jioni nikamwambia Mum siuzi. Aliendelea kukata sukuma, kisha akasema polepole, "Miaka yote hiyo nimevumilia ile kelele ndio baba yako apate kidogo. Mimi masikio yangu ni mazima. Na hujawahi kunipigia hata wimbo mmoja."

Ni kweli, sijawahi.

Nimempigia jamaa simu kwamba nauza, atakuja kuchukua vyote kesho asubuhi. Nimeipangusa spika vumbi pande zote. Hapo juu tu ndipo mkono ulikataa.