Karatasi ya Jina la Shangazi Tome

Kijiji cha Kuromori,
Akita, Japani.
18 Novemba 1967

Mpendwa mwanangu Fusae,

Hujambo huko Brazili, na ujauzito unaendeleaje? Natumai miguu haivimbi tena na mumeo anakula akashiba. Sisi wazima. Mgongo wangu tu unanilaumu, maana juzi nilibeba milango minne ya karatasi kwa mkupuo mmoja, kazi iliyowakimbiza wanaume sita.

Umeuliza maana ya jina la shangazi yako Tome, kwa kuwa ndiye aliyekulea kabla hamjahama, na unataka kumpa binti yako. Usithubutu. Jina lile linanitia kinyaa.

Maana yake ni "komesha". Marehemu baba yetu alikuwa na wasichana watatu. Wa nne alipozaliwa akampa hilo, kama wengi wa zamani walivyofanya, ili wasichana wakome. Siku ya saba akaliandika kwenye karatasi, akaitundika kama desturi, akarudi kwenye pombe yake ya mchele. Kisha tukaja wavulana, baba yako na mimi, akachinja kuku. Karatasi zetu zimo kwenye sanduku la madhabahu ya nyumbani hadi leo. Ya Tome haimo.

Nimeiona juzi. Nilikuwa nabandua karatasi kuukuu za mlango, tabaka baada ya tabaka, na fundi kama mimi hayupo toka hapa hadi baharini. Ndani kabisa, katikati ya kalenda za zamani na gundi ya wali iliyooza, imetobolewa na mende: Tome. Nilitema mate. Nikamtukana baba mbele ya picha yake, wakanisikia ng'ambo ya mto.

Shangazi yako alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Punguza kelele, Gen. Niliibandika mimi. Ulikuwa mchanga, unakohoa, upepo unapita mlangoni. Ndiyo karatasi pekee humu ndani ambayo hakuna mtu angeiulizia."

Alikuwa na miaka minane. Tangu juzi ninayemwonea kinyaa si baba tena, ni mimi, ambaye sikuwahi kuiulizia.

Nikamuuliza kuhusu mwanao. Akasema aitwe Nozomi, yaani kinachotamaniwa. Alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa nalo siku nyingi.

Nimeliandika kwa mkono wangu, nimelitia humu. Akizaliwa mvulana, limngoje dada yake.

Msalimie baba yako Kanroku na mama yako Isono. Ujifungue salama, nawe uinuke na nguvu zako.

Siku ya saba itundike karatasi, kisha uitunze. Upepo ukipita mlangoni, bandika gazeti.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye toka mbali,
Genkichi