Cherehani ya Kuzungushwa kwa Mkono

Ruiru,
Jumapili jioni

Mama Nafula wangu,

Natumaini goti limetulia na mdomo haujatulia, maana siku utakayonyamaza ndiyo nitajua unaumwa kweli. Mimi ni mzima, ila mgongo. Ningepiga simu, lakini kwa simu unanikatiza kabla sijafika penye utamu. Mkwe wetu anayekusomea hii, mwambie asiruke mahali pabaya.

Huku Jumapili ni ndefu. Majirani wa ploti ni vijana, wananiita guka, yaani babu, wananisalimia "niaje" huku wanafunga mlango. Nikisonga ugali nasonga wa watu wawili, mkono umekataa kujifunza wa mtu mmoja. Asubuhi nakula kiporo nikikusengenya peke yangu.

Kule karakana ya Thika ninakoshona mikoba ni mashine tu. Ngozi inaingia huku, inatoka kule, na upande wa pili hakuna mtu. Sisi tulikuwa tunaweka mshipi wa punda wa mkokoteni katikati, mimi na sindano yangu, wewe na yako, tunapishana tundu kwa tundu, nawe unanichoma kidole makusudi nikimsifu yule mama wa kwaya. Macho yako yalipokataa kuona tundu, mishipi ikanishinda peke yangu, nikaja huku kutafuta kibarua. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nimechoka na nataka kurudi, lakini sitaki kurudi kukaa tu nikiota jua.

Basi jana nilienda kwa Kamau, muuzaji wa cherehani nzito zilizotumika, hapo hapo Thika. Akanionyesha moja ya umeme, inang'aa kama kipara cha kaka yako. Akaijaribu kwa kingozi laini kama sikio la mbuzi. Nikatoa mfukoni kipande cha mshipi wa punda, tabaka tatu.

"Guka, hicho umetoka nacho nyumbani?"

"Wewe shona. Hako kako hata meno yangu yanatoboa, na yamebaki manne."

Ikashona. Nisikudanganye, ilishona vizuri. Mguu wake wa kukandamiza ngozi unatembea, unavuta ngozi ya juu na ya chini pamoja, haziachani. Unakaa peke yako, unakanyaga pedali, kazi imeisha. Nikaipenda.

Halafu nikaona nyingine kwenye kona, nyeusi, ya gurudumu la mkono. Kamau akacheka.

"Hiyo itakuzeesha zaidi. Ngozi nene hivyo unaishika kwa mikono miwili, kwa hivyo lazima mtu mwingine azungushe."

"Huyo mtu ni lazima aone?"

"Aone nini? Anazungusha. Ukimwambia simama, anasimama."

Nikakaa juu ya gunia la vipande. Kamau akafikiri naumwa, akaniitishia chai.

Tukaijaribu, yeye akizungusha. Sindano nene, uzi wa nailoni, ikapita tabaka zote bila kuruka hata tundu. Ni ya pole pole, na ile ya umeme ingeiacha mbali sana. Nimechukua hii.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori linalokuja huku na ngozi mbichi kutoka huko kwetu na kurudi tupu. Wiki ijayo atatubeba mimi na cherehani. Tutanuka.

Nisalimie mkwe, asante kwa macho yake. Nisalimie kaka yako, na mchungaji, umwambie bado naomba, hasa nikipungukiwa chumvi.

Sasa, Mama Nafula, nimenunua kabla ya kukuuliza, na kazi hii bila wewe haipo. Nikisema zungusha, uzungushe. Nikisema simama, usimame, ingawa tangu nikuoe hujawahi kusimama nikikuambia. Kama hutaki, mwambie dereva, nami nitabaki huku nikishona mikoba ya watu. Kama unataka, mwambie tukishona utakaa upande wa dirisha au wa mlango, nijue stuli yangu itaenda wapi.

Mzee wako msumbufu,
Baba Nafula