Kiwanda cha Barafu

Jumanne, 1 Julai 2025

Niko Makere tangu juzi, nimetoka Kanada, na bado vumbi halijanitoka masikioni. Nimekuja kwa jambo moja tu: kumwoa Akimana. Anafundisha shule ya msingi kule Kumsenga, Kibondo. Tulikutana harusini miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ni simu tu, yeye kwake jioni, mimi kwangu asubuhi. Jumamosi tunaenda kujitambulisha kwao.

Baba alishafariki, kwa hiyo msemaji wangu ni mdogo wake, Baba mdogo Reverien. Leo kaniketisha nimweleze kazi yangu vizuri asije akachanganya. Nikaeleza. Hoki ya barafu. Watu wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza, wanagombania kisahani cha mpira kwa fimbo. Akauliza nimefunga mabao mangapi. Manne. Kwa mwezi? Kwa misimu minne! Ikabidi niseme kazi yangu hasa ni nini: kuwalinda wafungaji. Mtu akimwumiza mmoja wao, mimi ndiye ninayevua glavu na kupigana naye. Refa anatuacha kwanza, halafu anatupeleka tukakae kizimbani dakika tano.

Baba mdogo kaniangalia juu mpaka chini. Mwisho akauliza kama kweli wananilipa kwa hilo. Wananilipa. Akatikisa kichwa, akaenda kugeuza mihogo yake juani.

Jumamosi, 5 Julai

Nina hasira!

Kwa mila zetu bwana harusi mtarajiwa hafungui mdomo siku hiyo. Anaongea msemaji. Basi nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, koti limenibana mabega. Mzee Niyubahwe, baba yake Akimana, akauliza kijana anafanya kazi gani huko Kanada. Baba mdogo akakohoa kidogo. Halafu, bila hata kupepesa macho:

"Ni meneja wa kiwanda cha barafu."

Meneja! Akimana alikuwa mlangoni na sinia la soda. Alinitazama mara moja tu. Yeye anajua kila kitu, hata mapigano ameyaona kwenye video. Mzee akafurahi, akaanza kumwuliza Baba mdogo maswali — kiwanda kikubwa? Wafanyakazi wangapi? Na huyu naye anajibu! Mia mbili na kitu.

Njiani nikamfokea, Mungu anisamehe. Akasema sasa nilitaka aseme nini, kwamba anamwombea mke mtu anayepigana na kufungiwa kizimbani? Barafu si nilitaja mwenyewe? Yeye kachagua tu upande unaoeleweka.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Kichwani nilikuwa najibu lile swali la mzee.

Nilianza kuteleza nikiwa na miaka tisa, miaka mitatu baada ya kutoka kambi ya wakimbizi na kwenda Kanada. Viatu vya msaada, vidogo kwa namba mbili. Wenzangu wanapita kasi, mimi nimeshika ukuta. Nilipofika ishirini na moja nikasaini mkataba wa kwanza, kwenye ligi ndogo ambayo hata Kanada kwenyewe wengi hawaijui. Timu tatu mpaka sasa. Pua imevunjika mara mbili. Meno matatu ya mbele si yangu. Saa kumi na mbili za basi, unacheza dakika nne, unarudi benchi. Lakini siku niliyopewa jezi imeandikwa jina langu, NIYONKURU, mgongoni nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Hayo yote yalikuwa hayasemeki?

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yameharibika zaidi. Mzee Niyubahwe aliniita Kumsenga, peke yangu. Akanipeleka nyuma ya duka lake. Samaki wake kutoka Kigoma wanaharibika njiani kila wiki, anasema, na sasa Mungu amemletea mkwe wa barafu. Ameshamwaga tofali safari mbili. Msingi umeshachimbwa! Akataka nimwambie mashine ya barafu ikae upande gani na itakula umeme kiasi gani.

Nikasema nitauliza.

Nitauliza! Nimejidharau mpaka sasa. Akimana alinisindikiza hadi barabarani. Bodaboda ilipofika akasema, "Jumamosi mila ilikukataza kuongea. Leo alikukataza nani?" Akanipa mpaka kesho jioni. Nisipomwambia baba yake, atamwambia yeye.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshika simu mara nne. Sikupiga.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa Kumsenga, uani kwao. Nimeomba nitoke kidogo. Wote wako ndani.

Akimana alimwambia baba yake jana usiku. Leo nilitegemea kufukuzwa getini, nilishajiandaa. Badala yake tumekaribishwa, tumepewa soda, wajomba zake wote wapo. Mzee hakugusa habari ya tofali kabisa. Akaniangalia mimi, si Baba mdogo.

"Mwanangu, hiyo kazi yako unaionea haya?"

Baba mdogo akaanza kukohoa. Mzee akainua mkono, akasema safari hii ajibu mwenyewe.

Nimezoea watu elfu tatu wakinizomea. Watu kumi na wawili kimya sijawahi. Nikisema siionei haya, mbona nilinyamaza wiki nzima, mbona niliangalia ule msingi wake nikasema nitauliza? Nikisema naionea haya, basi anampa binti yake mtu gani? Na ukweli, hapa naweza kuuandika: Baba mdogo alipotamka kiwanda, kabla hasira haijaja, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Kwa dakika kama mbili hivi nilipenda kuwa yule meneja.

Baba mdogo amenifuata huku uani. Ameshapanga maneno. Atasema barafu ni barafu, aliteleza ulimi, nami niiname tu niombe radhi, mengine nimwachie yeye.

Nimemwambia abaki hapa nje. Hataki, anasema mila inataka msemaji. Mlangoni Akimana anauliza tunaingia wangapi.